Maneno Katikati ya Nyimbo za Wilibrodi

Siku ilianza vizuri tu pale Kizwite, Sumbawanga. Upepo wa Julai ulikuwa umetulia kidogo, jua limetoka, na karibu kila uani palikuwa na ulezi umeanikwa. Dominika alifagia kibanda cha mjomba wake Zenon, akapanga kanda kwenye rafu, akafuta vumbi kwenye redio kubwa yenye midomo miwili ya kuingizia kanda. Kazi yake ilikuwa kunakili kanda. Alikuwa na miaka kumi na sita. Shule aliiachia kidato cha pili mama yake alipopooza, na watu wa mtaani hawakuchoka kumuuliza atarudi lini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Redio na kanda tupu zilijaa madukani, na kila mwenye redio ya midomo miwili alijiita studio. Lakini Zenon hakuwa mfanyabiashara hasa. Alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulikuwa albamu moja: "Jiwe Linalolia", ya bendi ya Vijana wa Radi. Walikuwa vijana wa Ufipa waliovuka mpaka miaka ya sabini, wakaenda Ndola kurekodi magitaa yanayokoroma kama trekta lililokwama kwenye tope. Sahani yenyewe ya santuri kila mpenzi wa roki aliijua. Zenon alitaka yasiyojulikana: majaribio waliyopiga kabla ya kuingia studio, nyimbo zilizokataliwa, mapigo ambayo mpiga ngoma alikosea wakaanza upya. Aliyafuata Mbala, akayafuata Tunduma, akashuka mpaka Kabwe kwa mpiga besi ambaye sasa anauza migebuka, samaki wa ziwani.

"Sahani ni nguo ya kanisani," alipenda kusema. "Mimi nataka kuwaona wakiwa na nguo za shamba."

Kanda moja tu ilimshinda. Ilikuwa kwa Bibi Bertilla, jirani yao, mama wa Wilibrodi aliyekuwa mwimbaji. Wilibrodi alikufa kwa ajali ya gari kule kule Zambia, akazikwa huko huko. Kilichorudi nyumbani kilikuwa redio yake ndogo na kanda ya masalia ya studio. Zenon alishamwendea bibi na sukari, akamwendea na kitenge, na vyote akarudi navyo.

"Nenda wewe," akamwambia Dominika. "Wewe mnapatana. Hatakunyima."

Kupatana walipatana kweli. Kila mchana Dominika alikwenda kumsaidia kupepeta na kugeuza ulezi, na Bibi Bertilla ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kumuuliza habari za shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa, usikanyage turubai. Anakaribia kuniita."

Redio ilikuwa juu ya kigoda katikati ya turubai la ulezi. Wimbo ulikuwa unanguruma, kisha ukakatika ghafla. Mtu alikosea, wenzake wakacheka. Halafu, karibu kabisa na kipaza sauti, kijana akaita kwa utani, kama anayepiga hodi kutoka mbali.

"Mama." Kimya kidogo. "Mama, eeh! Umeshakula?"

"Abee, baba, nimekula," akajibu Bibi Bertilla, akageuza ulezi kwa kiganja. Gitaa likaanza upya, naye akashusha sauti. "Hizi kelele zao sizielewi. Mtu anapayuka kama amekanyaga kaa la moto. Mimi nasubiri hapo tu."

"Mbona mara ya kwanza huitiki, bibi?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jiko lina moto.

"Hamfundishwi siku hizi? Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Mtu akikutaka atakuita tena. Anayeita mara moja, mwache apite. Huyo si mtu." Akacheka. "Wilibrodi nilimfundisha tangu anatambaa. Hata huko Ndola hakusahau."

Dominika akaiomba kanda. Bibi alisita, akaifuta kwa upindo wa khanga, akampa.

"Nyimbo wachukue wote. Hapo katikati nirudishie kama palivyo."

Sasa, pale kibandani kulikuwa na kawaida yao. Kanda yoyote iliyoingia, ya kwaya au ya dansi, Dominika aliziba kwanza vile vitundu viwili vya mgongoni kwa karatasi aliyoitafuna, ili iweze kurekodiwa juu yake. Mkono ulishazoea. Aliitafuna karatasi, akaviziba vitundu vya kanda ya Wilibrodi, wala hakujua kama ameviziba. Akasikiliza wimbo wa kwanza. Mteja akaingia akiulizia betri. Dominika akahamisha kanda huku akiongea, akaiweka kwenye mdomo wa kurekodia badala ya ule wa kupigia, akabonyeza vitufe viwili pamoja.

Alipogeuka, gurudumu lilikuwa linazunguka na taa nyekundu inawaka.

Aliirudisha nyuma, akasikiliza. Wimbo. Kicheko cha wenzake, nusu. Kisha shhh, kama mvua ya mbali. Kisha gitaa.

Pale katikati palikuwa pamefutika.

Angekimbia kusema wakati ule ule, haya yote yasingesimuliwa. Lakini alimwona bibi akiifuta kanda kwa khanga. Akaona na watu wa mtaani wakisema: shule ilimshinda, sasa hata kubonyeza redio. Akafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, akachukua sufuria, akaingiza mdomo ndani ili sauti iwe nzito. Akarekodi.

"Mama. Umeshakula?"

Aliona aibu kujisikia, akashindwa kuita mara ya pili. Nafasi ilitosha, sauti ikafanana kidogo. Bibi masikio yake yalishachoka. Zenon alipewa nakala ya nyimbo, akaruka kama mtoto, na Dominika akairudisha kanda.

Mchana ule Bibi Bertilla alikaa kwenye turubai lake. Wimbo ukakatika.

"Mama. Umeshakula?"

Bibi aliinua kiganja kilichojaa ulezi. Akasubiri. Punje zikamvuja katikati ya vidole, moja moja, mpaka zikaisha. Gitaa likaanza. Hakuitika. Alimtazama Dominika, kisha akautazama mlango.

Siku ya pili ikawa vile vile. Safari hii bibi alizima redio mapema.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "labda amechoka kuniita mara mbili. Labda mimi ndiye ninayemchosha."

Hapo ndipo pa kusema. Dominika alijua. Mdomo wake ukafunguka.

"Labda ni betri, bibi," ukasema. "Tuzianike juani zipate nguvu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa alimwamini. Dominika akatoka akitazama chini. Njia nzima hakumsalimia mtu.

Siku iliyofuata alikuwa anapepeta. Aliinama juu ya ungo, mgongo kaipa redio. Wimbo ukakatika.

"Mama. Niko njiani."

Ungo ulimponyoka.

Sauti ilikuwa yake. Aliijua, mwangwi wa sufuria ulikuwemo. Lakini maneno hayo hakuyasema.

Bibi Bertilla alikuwa anatabasamu.

Dominika alikimbilia kibandani. Zenon alikuwa amevaa miwani, sikio limegusa spika, anahesabu mapigo ya ngoma.

"Mjomba," akanong'ona, "kanda ya bibi inaongea vingine."

"Kanda haina akili, Dominika. Acha ushamba, mshikaji wangu. Pisha, kuna pigo hapa sijalielewa."

Hakumweleza alilofanya. Angewezaje? Usiku mama yake akamuuliza mbona hali, akasema tumbo. Lakini kulipokucha aliamua. Atapiga magoti, atasema, na bibi amtukane apendavyo. Aliyarudia maneno njiani kama sala: bibi nisamehe, ni mimi, ni mimi niliyekuita.

Alifika kwenye uzio jua likiwa kichwani. Mtaa ulikuwa kimya. Hata kuku hawakulia. Kutoka uani akasikia sauti.

"Mama."

Mara moja tu.

Dominika akasimama. Alifungua kinywa apaze sauti, amwambie bibi asiitike. Aibu ikamzuia. Pumzi moja tu. Haikuzidi hapo.

"Abee!" akaitika Bibi Bertilla, kwa sauti ya msichana. "Abee, baba. Nakuja."

Dominika akasukuma lango.

Uani hapakuwa na mtu. Ndani hapakuwa na mtu. Khanga ilikuwa kwenye kamba, ugali wa mchana umefunikwa na sahani, haujaguswa. Redio ilikuwa kwenye kigoda, kifuniko cha nyuma wazi.

Betri zilikuwa ukutani, zimepangwa juani.

Akageuka polepole. Ndipo akautazama ulezi.

Palikuwa na nyayo juu yake. Nyayo pekupeku, ndogo, za mwanamke mzee, zikitoka pale alipokaa kila siku na kuelekea langoni. Na kando yake kulikuwa na nyayo za viatu. Visigino vilikuwa vinene, vya mraba, vile viatu vya raizoni walivyovaa vijana wa bugaluu miaka ya sabini, ambavyo Sumbawanga nzima hakuna aliyevivaa tena. Hizo hazikutoka langoni kuingia. Zilianzia katikati ya turubai, chini ya kigoda, zikatoka pamoja na za bibi, ubavu kwa ubavu.

Lango moja tu lilikuwepo. Na yeye alikuwa amesimama hapo.

Nje sauti za watu zilikaribia. Coleta, mpwa wa bibi, alikuwa anakuja na kijana mchungaji, Masalu, aliyepandisha ng'ombe kutoka bondeni, upande wa Kaoze.

"Nakwambia nimepishana naye mteremkoni tangu asubuhi," Masalu alikuwa anasema. "Nimemwamkia, hakunisikia. Anaongea, anacheka, mkono kauinua hivi, kama ameshikwa. Mtu mwingine sikumwona. Lakini ng'ombe wangu, dada, walipisha njia ya watu wawili."

"Tangu asubuhi wapi, wewe! Bibi nimemwacha hapa sasa hivi anapepeta. Huyo umemfananisha."

Dominika alisikia yote. Na akiwa anasikia, alipiga magoti kwenye turubai, akafuta nyayo za viatu kwa viganja viwili, haraka haraka, moja baada ya nyingine. Zile za pekupeku akaziacha. Walipoingia, waliona nyayo za mzee aliyetoka peke yake.

"Uzee huu," Coleta akasema, akashika kiuno. "Atakuwa amepotea. Dominika, hukumwona?"

"Sikumwona, dada."

Walimtafuta wiki nzima, mpaka bondeni. Padri alimwombea. Zenon aliacha kusikiliza kanda, akafunga kibanda, akazunguka vijijini na baiskeli akiuliza. Kila jioni alirudi akimshukuru Dominika mbele ya watu, kwamba mtoto huyu ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho. Kila mara Dominika alitazama vidole vyake vya miguu.

Watu walipokata tamaa, Coleta alikuja kuzoa ulezi. Akauvuta pembeni, akaushindilia kwenye gunia, kisha akashika ncha ya turubai. Dominika akashika ya pili. Wakalikunja.

Chini ya turubai udongo wa uani ulikuwa umepigwa ukawa mgumu kama tofali. Wakati wa kiangazi hata jembe huruka. Nyayo za viatu zilikuwa zimezama humo, zimekauka, kila kisigino na pembe zake nne. Na juu ya kila moja, pale zilipotoka kigodani kuelekea langoni, kulikuwa na alama za viganja viwili vilivyojaribu kuifuta.

Coleta alizitazama alama zile kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mikono ya Dominika.