Unga wa Bawa

Asubuhi za likizo, Yakete na binamu yake Nambona walikaa kando ya kijito, wakisubiri vipepeo washuke kunywa maji ya mchangani. Msitu ulifuka ukungu, na mwanga ulipenya majanini taratibu mpaka mtu akajihisi bado yumo ndotoni. Baba yake Yakete alitengeneza picha kwa mabawa ya vipepeo. Mwaka mzima alikuwa akimtamani mmoja tu, yule mkubwa kuliko wote. Majike wake hukaa vileleni mwa miti, hata hawaonekani. Madume hushuka kwa nadra.

Siku hiyo dume mmoja akashuka. Lo! Mabawa marefu membamba, rangi ya chungwa iliyoiva, yakielea kana kwamba hayana haraka na dunia.

"Usipumue," Nambona alinong'ona.

"Wewe ndiye unayekoroma!"

Yakete alikuwa ametoka kula kwanga, ule mkate wa muhogo, kwa mafuta ya mawese, wala hakunawa. Nyumbani kwao kila mtoto alijua kwamba mkono wenye mafuta haugusi bawa. Lakini pupa ilimzidi. Alimfunika dume yule kwa wavu, akamshika. Unga wote wa bawa ukabaki vidoleni, na bawa likachanika.

"Nani kafanya hivi?" Baba aliuliza.

"Nambona," Yakete alijibu upesi.

"Mjomba, si mimi!"

"Na bado unabisha? Kijitoni usiende tena. Kaa jikoni ukate majani ya koko ya mboga."

Kesho yake Yakete alikwenda peke yake. Vipepeo wa buluu na wa manjano walishuka, wakafunika mchanga wote. Ulikuwa uzuri wa kulevya, lakini hakuwa na wa kumnong'oneza. Roho ikamsuta. Akatupa wavu, akakimbia nyumbani.

"Baba, ni mimi. Sikunawa mikono. Niliogopa utaninyang'anya wavu."

Baba aliweka chini wembe wake wa kukatia mabawa. Kisha akamshika mkono, wakaenda jikoni. Yakete alimwomba binamu yake radhi huku akilia.

"Nami nisamehe, mpwa wangu," Baba alisema. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Mliniumiza," Nambona alisema, akijifuta machozi.

Baba akamgeukia Yakete. "Mwanangu, bawa likipoteza unga, sina gundi ya kuurudisha. Jina la mtu, ukilichafua, unaweza kulisafisha kwa kusema ukweli. Ila usikawie."