Soketi Mbili Nyekundu

Usigeuze uso, msomaji. Kwenye stoo ya shule yenu kuna kompyuta iliyofunikwa gunia, nawe umeipita mara mia ukisema, "Hilo zee." Mimi sisahau. Nakumbuka wote walioipita ya kwetu.

Aliyeijali alikuwa msichana mmoja wa darasa la sita. Tulimwita Bisibisi kwa sababu bisibisi haikumtoka mfukoni. Kila Jumatano baada ya masomo alifagia stoo, akaiwasha, akaandika humo hadithi za wenzake. Zilikuwa za miaka mitatu, na hazikuwa na nakala popote. Jumatano moja kompyuta ikaanza kugonga ndani: tk, tk, tk.

"Hiyo ni diski inakata roho," alisema shangazi yake, fundi wa kompyuta, kwenye simu. "Nitaleta nyingine tuhamishe hadithi. Fungua ubavu uniambie: kuna soketi pana za waya wa utepe tu, au na ndogo za plagi nyembamba? Diski ya moja haiingii kwenye nyingine."

Skrubu nne zilikuwa na kutu. Nje wenzake walishaanza kuruka kamba.

"Ni pana tu, Shangazi. Si ya zamani?"

"Umefungua?"

"Nimefungua."

Na bisibisi i mfukoni!

Siku mbili shangazi alizunguka kwa wauza vyuma chakavu akitafuta diski ya utepe. Ijumaa akaja nayo, kuukuu, nzito kama tofali. Akafungua ubavu, akapuliza vumbi, akainama kutazama. Kando ya soketi pana zilikaa mbili ndogo nyekundu, hazijawahi kuguswa.

"Mwanangu, hizi zimeota lini? Jana?"

Mwalimu wa maktaba, aliyesimama mlangoni kuwatazama, alicheka. Bisibisi hakucheka.

"Sikufungua, Shangazi. Nilikudanganya. Niliona imezeeka, nikadhani haina kitu."

"Kumbe! Na mimi nimetembea mpaka soli imeniaga." Akatoa mkobani diski mpya ya kazini kwake, ya soketi ndogo, nyembamba, isiyo na kinachozunguka ndani. "Haya, shika bisibisi yako. Leo unafunga mwenyewe."

Alifunga. Hadithi zikaanza kuhama moja moja, diski ya zamani ikigonga kwa nguvu zaidi. Alasiri yote walikaa wakizihesabu. Zilipona zote isipokuwa moja: ya Bisibisi mwenyewe.

"Juzi pengine ingesomeka," shangazi alisema taratibu.

Bisibisi alifuta macho, akaiwasha upya kompyuta. Iliwaka kabla mwalimu hajamaliza kupiga chafya. Akaanza kuiandika tena hadithi yake, na baada ya mistari mitatu alikuwa anatabasamu.

"Waliosema zee halifai hawakufungua," shangazi alisema akikusanya vifaa. "Nawe uliyesema umefungua, hukufungua. Kosa ni lilelile. Tazama kwanza, ndipo useme."

Umesikia? Basi funga kitabu. Mwite mwalimu, ondoeni gunia, chomoeni waya wa umeme, fungueni ubavu. Leo, si kesho, kabla tk tk ya kwenu haijanyamaza.