Maswali Yaliyosogea Hadi Mlangoni

Eulalie, mshonaji wa commune ya Bagira, karibu na ziwa Kivu, aliacha shule kabla ya kupata diplome ya sekondari. Jambo hilo bado lilimuuma. Kwa hiyo, namba moja ya WhatsApp iliyojiita Mwalimu wa Dunia ilipoanza kumtumia maswali ya jiografia, alinaswa. Cherehani inasimama, mteja anasubiri, yeye anajibu.

"Ziwa gani lina kina kirefu kuliko yote duniani?"

"Baïkal."

"Sahihi. Kapitali ya Mongolia?"

"Oulan-Bator."

"Sahihi."

Sifa ni tamu, jamani. Kwa sifa, mtu hutoa hata siri ya nyumba yake.

Maswali yakaanza kusogea. Kutoka Asia yakaja Afrika. Kutoka Afrika yakaja ziwa Kivu. Kisha: "Unakaa commune gani? Mtu anafikaje kwako?"

Hapa kwetu wengi hatutumii namba ya nyumba. Mgeni anaelekezwa kwa mti, kwa kanisa, kwa jina la mtoto mkubwa. Eulalie akaelekeza kama kawaida: shuka kwenye mkaratusi, uliza kwa Maman Merveille (Merveille ni mtoto wake wa kwanza), mlango wa bati la bluu.

"Sahihi," simu ikajibu.

Mkono wake ukasimama. Sahihi? Huyo Mwalimu wa Dunia alilijua jibu hilo kutoka wapi?

Ujumbe mwingine ukaingia. "Papa Jean-Marie amelala mji gani?"

Jean-Marie ni mume wake, dereva wa kamyo. Alikuwa Uvira. Eulalie hakuwa amemtaja hata mara moja.

Akakimbia kwa jirani yake, Papa Ezéchiel, mwalimu wa jiografia.

"Papa Ezéchiel, niko na woga. Hii simu inajua mulango yangu."

Ezéchiel akasoma, kisha akarudisha simu.

"Maman Merveille, jiografia inauliza juu ya dunia. Haiulize mulango yako. Ile 'sahihi' ni desturi yake tu, wewe mwenyewe umemuelekeza. Huyu mutu iko anatafuta nyumba yenye baba hayuko."

"Jina ya bwana yangu aliipata wapi?"

"Angalia photo yako ya profil. Bwana yako iko mbele ya kamyo, jina yake imeandikwa juu ya mulango ya ile kamyo. Kila mutu anaiona."

"Sasa nifanye nini?"

"Usijibu tena. Bloké ile numero. Ficha photo, zima localisation, ile inaonyesha mahali uko. Kisha ambia majirani."

"Batanicheka."

"Bacheke. Kicheko hakivunje mulango."

Walimcheka kweli. Lakini walikubaliana: akipiga sufuria, wote watatoka.

Kesho yake jioni ukungu ulishuka mapema. Mwanaume asiyejulikana alisimama mbele ya mlango wa bati la bluu.

"Maman Merveille, fungua. Papa Jean-Marie amenituma, toka Uvira."

Sauti yake ilikuwa tulivu, kama ya ndugu. Eulalie hakufungua. Akapiga sufuria. Nyumba ya pili ikaitikia, halafu ya tatu, mpaka mtaa mzima ukalia. Watu wakatoka na matochi.

Papa Ezéchiel akamwuliza yule mtu kwa upole, "Na wewe, papa, unakaa wapi?"

Mgeni aliangalia matochi yaliyomzunguka. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, na ukungu ukamfunika.

Jean-Marie alirudi salama siku ya Jumamosi. Siku hizi Eulalie na majirani hushindana kwa Papa Ezéchiel, mbele ya ramani ya ukutani. Mara nyingi Eulalie anawashinda. Kwenye simu pia anacheza maswali ya jiografia. Lakini swali likikaribia Bagira, yeye huuliza kwanza: "Nani anauliza?"