Kadi Tupu Kabatini

Saa tatu na robo asubuhi, karani wa bunge alifungua kabati la chuma la masjala, akakuta faili la hoja ya kumwondoa rais halipo. Ndani yake mlikuwa na saini za theluthi moja ya wabunge. Kanuni zilitaka nakala halisi ifike mezani kwa Spika kabla ya saa nane mchana. Ikichelewa, hoja imekufa.

Inspekta alifika saa nne, viatu vikimlilia koridoni. Kabati halikuvunjwa. Mahali pa faili palisimama kadi ya kijani, haikuandikwa kitu.

"Hii ya nini?" aliuliza karani, ambaye kazini alikuwa na wiki mbili.

"Faili likitoka, unaweka kadi pengo lijulikane," mzee wa masjala alimweleza kwa upole. Funguo walikuwa nazo hao wawili tu.

Jioni ya siku iliyotangulia, hata hivyo, alionekana pale mbunge aliyeitwa Kigeugeu.

"Nilikuja kufuta saini yangu," alikiri. "Chama kimeninunia, mke kaninunia, hata mbwa kaninunia. Mzee akanifukuza."

"Na kama ungelipata faili, ungelifanya nini?"

"Ningelila, mama."

Inspekta alicheka, akamwachia. Mla faili haachi kadi.

Saa sita na nusu alirudi masjala peke yake.

"Mzee wangu, mwizi anachukua na kwenda zake. Huyu wetu kaona aibu kuacha pengo. Karani hata kadi haijui. Umebaki wewe na miaka yako thelathini na minane ya kazi."

Mzee alivua miwani. "Mkono uliiweka kabla sijafikiri."

"Kwa nini, mzee?"

"Mke wangu alipofariki, rais alikuja kwangu bila msafara. Akaingia jikoni, akaosha vikombe. Mtu huyo nimwone anaburuzwa, binti yangu?"

"Haburuzwi. Saini hizi hazimwondoi, zinaanzisha kusikilizwa. Kamati itamuuliza, atajibu na wakili wake, na kumtoa kunataka theluthi mbili. Wewe umemnyima kujitetea. Jioni watu watasema ametuma mwizi."

Mzee akaifuta miwani kwa ncha ya shati.

"Na akija mwingine, asiyeosha kikombe cha mtu, akaifanya nchi shamba lake? Tutamshika kwa lipi, ikiwa karatasi hii yeyote mwenye huruma anaificha?"

Mzee alipanda ngazi ya mbao, akalitoa faili katikati ya mafaili ya likizo za watumishi. Lilikuwa limenyooka, halina hata kunjo.

"Saini hapa kwamba umepokea," alisema, akimsogezea daftari.

"Mzee, nakukamata."

"Najua. Saini."

Akasaini, akaandika na saa.

Saa saba na dakika arobaini walielekea kwa Spika. Inspekta alimwachia mzee alibebe faili mwenyewe. Walipofika kwenye ngazi, akamshika mzee kiwiko.