Tangi Lisilokauka

Nduku alifua mablanketi yote siku hiyo, akaosha sakafu, akamwagilia mboga za sukuma, kisha akaligonga tangi kwa kofi asikie maji yamebaki wapi. Lilikuwa limejaa mpaka juu. Mvua haikuwa imenyesha Kitui kwa miezi mingi, na mfereji wa mtaani ulikuwa ukitoa hewa tu.

“Mungu ametuona,” alimwambia mumewe, Musyimi.

Tangi hilo ndilo lililowafanya wainunue nyumba. Siku hizi nyumba za mjini hazitoki. Mwenye pesa anaona heri anunue ploti huko Matinyani ajijengee polepole. Lakini dalali wao, Mbaluka, aliijua kazi yake. “Huku mtu hanunui vyumba, ananunua maji,” aliwaambia, akiwacheka walivyohesabu madirisha. Mwenye nyumba, Mzee Hemedi, ambaye familia yake ilitoka pwani zamani, alikubali bei ya kwanza waliyotaja. Mtu asiyebishana bei anafaa kuogopwa, ila nani humwogopa anayemuuzia rahisi?

Kisha binti yao wa miaka saba, Kasiva, akaanza kushinda kando ya tangi akiongea.

“Unaongea na nani, mami?” Nduku alimuuliza.

“Na huyo wa ndani. Anasema huko ni giza.”

Ndani ya tangi kitu kiligonga polepole, kama mgeni mwenye adabu.

Tangu hapo Kasiva akaacha chakula, akawa anakunywa tu, kikombe baada ya kikombe, vidole vyake vikafanya makunyanzi kama vya mtu aliyefua mchana kutwa, nywele zikaloa huku jua likiwaka, na mama yake alipomkumbatia alisikia maji yakisukasuka tumboni mwa mtoto, na harufu ya waridi na matope ikimtoka kinywani, na pasta alipokuja na wazee wa kanisa wakaomba mpaka sauti zikawakauka, tangi liliwajibu kwa kugonga, likifuata makofi yao.

“Tuuze,” Musyimi alinong’ona. “Tumtoe mtoto hapa.”

“Na watu tutawaambia nini?”

“Wewe nyamaza tu. Tukisema, nani atanunua?”

Mbaluka akamleta Ben, mwalimu kutoka Tulia, pamoja na mkewe mjamzito. Ben hata jikoni hakuingia. “Maji iko?” aliuliza. Akaligonga tangi, akacheka kwa furaha. Nduku aliliangalia tumbo la yule mwanamke, akafungua mdomo, akaufunga. Aliona aibu sana, lakini naye alikuwa na mtoto wa kuokoa.

Ben akanunua, Nduku na Musyimi wakahamia nyumba ya kupanga Mukuyuni, maji ya kununua kwa mitungi. Siku ya kwanza Kasiva alikula ugali. Nduku alilia kwa furaha.

Hiyo furaha haikumaliza wiki. Ben alipiga simu akiwa amekasirika. “Mzee, hiyo tangi ilikauka siku ile mlitoka! Kavu kabisa! Mlituuzia nini?”

Musyimi akampigia Hemedi.

“Limekauka?” mzee akauliza. “Hata sisi tulipomkimbiza binti yetu, Tumu, kwa shangazi yake, lilikauka. Jini aliondoka ndani yake. Nisamehe, ndugu yangu. Tangi lilijaa tena siku Tumu alipofariki.”

“Na dawa, mzee? Hakuna dawa?”

“Ningekuwa na dawa, nisingekuuzia ile nyumba.”

Jioni ile Kasiva alisukuma sahani, akaomba maji. Nduku alimkumbatia, akaweka sikio mgongoni mwake, akamwomba Mungu asisikie kitu. Kitu kiligonga kutoka ndani ya mtoto, polepole, kwa adabu ileile.

Asubuhi Musyimi alikimbilia duka la karibu kutafuta dawa, dawa yoyote, maana mtu hawezi kukaa tu akimtazama mwanawe. Alikuwa akitoka dukani na chupa mkononi simu ilipolia.

“Mzee, samahani venye nilikukasirikia,” Ben alisema, akicheka. Nyuma yake maji yalisikika yakimwagika. “Maji imerudi! Sasa hivi tu, imejaa mpaka inamwagika! Bibi yangu ameshaanza kufua nguo za mtoto.”

Musyimi alianza kukimbia. Kutoka upande wa nyumba yake alimsikia Nduku akipiga mayowe.