Tundu la Kupumulia

Kila asubuhi fundi wa milango alikunywa chai upesi, akaingia uani kuutengeneza ubao wa kuelea majini wa mkewe. Mkewe, mshonaji, alikuwa akiumwa mgongo kwa kuinamia cherehani kutwa, na alitamani kusimama juu ya ubao ziwani apige kasia. Ndani fundi aliweka mbavu za mbao, juu na chini akafunika kwa mbao nyembamba. Katikati palikuwa patupu, ili ubao uwe mwepesi.

Jirani yao, mama mtengeneza boti, alichungulia uani.

"Shemeji, umeuwekea tundu la kupumulia?"

Fundi akaangua kicheko. "Tundu kwenye chombo cha majini? Unataka mwenzio azame?"

"Nisikilize kwanza..."

"Jirani, kazi ya mbao niachie mimi."

Mama yule akaenda zake.

Siku ya kuujaribu, ubao ulianikwa juani asubuhi nzima. Ubavuni pakatokea ufa mwembamba kama uzi. Fundi aliuona. Akaupaka gundi kidogo, bila kumwambia mkewe.

Mkewe aliondoka ufukweni akicheka, bila jaketi la kuokolea. Alipofika mbali, ubao ukawa mzito, ukalala upande, ukambwaga. Watu wa boti iliyokuwa karibu walimtoa akitapika maji.

Jioni jirani alikuja, akaugeuza ubao.

"Gundi hii mbichi ni ya lini?"

"Ya leo asubuhi," fundi akajibu, macho chini.

Mkewe alimtazama.

Jirani akaeleza taratibu. "Jua hupasha moto hewa ya ndani. Hewa hutanuka, inasukuma viungo mpaka vinaachia. Ukiingia kwenye maji baridi, hewa inanywea na kuvuta maji ndani. Toboa tundu dogo upande wa juu, weka kizibo cha skrubu. Nchi kavu, kifungue. Kabla ya kuingia majini, kikaze. Ukiona ufa, usiingie. Na jaketi ni lazima, hata kwa anayejua kuogelea."

Fundi aliufumua ubao, akaukausha, akaugundisha upya, akaweka kizibo. Ulishinda juani, haukupasuka popote. Binti yao alivaa jaketi, akapiga kasia kwa muda mrefu, akarudi anameremeta. Ndani ya ubao hamkuwa na hata tone.

"Zamu yako, mama watoto," fundi akasema. "Sasa ni salama."

Mkewe alikuwa akimfuta binti yao nywele kwa taulo.

"Ubao nauamini," akasema bila kumtazama fundi, akaendelea kufuta.

Fundi akainama, akalegeza kizibo. Hewa ikatoka kidogo kidogo.