Swali la Mama Anande

Sumari alikuwa fundi seremala. Nyumba nyingi za bati juu ya Sekei, kwenye mteremko wa Mlima Meru, aliziezeka yeye. Lakini mama yake mzazi, Anande, alilala chini ya nyasi zilizovuja. Aibu hiyo Sumari aliijua. Mwaka huo alimwahidi: "Mama, kahawa ya safari hii ndiyo bati zako."

Mama na mwana walijifunza kusoma pamoja, katika darasa la watu wazima kanisani. Sumari alikwenda mbio. Mama alisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Kitu kikishaandikwa, yeye alikiheshimu kama Biblia.

Mwezi wa saba kahawa iliiva. Siku hizohizo Sumari aliitwa Usa River kuezeka ghala. Akaandika maagizo, akayabandika kwenye nguzo karibu na mashine ya kumenya:

"Menya kahawa. Ivundike siku mbili. Ioshe. Ianike."

Mama alisoma mpaka mwisho, akauliza, "Na baridi ikizidi, mwanangu?"

Sumari alikuwa ameshafunga misumeno yake. "Mama, wewe fuata karatasi. Yote yamo."

Baridi ilizidi kweli. Ukungu ulishuka migombani na haukuondoka. Mama aliimenya kahawa, akaitia katika sanduku la mbao, akaifunika kwa majani ya mgomba. Siku mbili zilipotimia alitia mkono. Kahawa ilikuwa bado inateleza kwa ute. Zamani, kabla ya karatasi, angesubiri bila kumwuliza mtu. Safari hii aliyaamini maandishi ya mwanawe kuliko mkono wake. Akaosha, akaanika.

Ule ute uliobaki ulichacha. Kahawa ikaota madoa na kunuka siki. Kwenye chama cha wakulima mkaguzi alinusa kiganja kimoja tu, akarudisha magunia yote.

Sumari aliporudi aliwakuta majirani uani, wamekuja kutoa pole. Hakujizuia.

"Mama, umeniharibia! Kahawa umeijua kabla mimi sijazaliwa. Leo siku mbili tu zimekushinda?"

"Nilifanya ulivyoandika," mama alisema. Akaingia ndani, wala hakutoka mpaka watu walipokwisha kwenda.

Tangu siku hiyo hakugusa kahawa. Sumari akimwita, alijibu, "Mimi naharibu, baba. Soma karatasi yako."

Masika yakaja. Mama akapanga masufuria kuzunguka kitanda ili yakinge matone. Akashikwa na kikohozi.

Mvua zilipopungua, bwana shamba Parsimei alipita kukagua mibuni. Alikuwa Mwarusha, kijana mpole, mtu wa utani. Sumari alimweleza yote, na bado alimlaumu mama.

Parsimei aliisoma ile karatasi. "Bwana Sumari, nina njaa. Niandikie jinsi ya kupika ndizi. Nitafanya ulivyoandika, basi."

Sumari alicheka, akaandika: "Menya ndizi. Tia katika sufuria. Pika."

Parsimei akamenya ndizi, akazitia katika sufuria kavu, akaibandika motoni.

"Maji!" Sumari alipiga kelele.

"Yako wapi maji hapa?" Parsimei alionyesha karatasi.

"Lakini kila mtu anajua!"

"Unajua wewe. Karatasi haijui unachowaza. Endelea."

Sumari akaongeza maji, kisha akaandika, "Pika saa moja."

"Na kuni zikiwa mbichi? Moto ukififia?"

Sumari alijikuna kichwa. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alisoma kwa sauti: "Choma ndizi kwa kijiti. Kama kijiti kinapita, epua. Kama hakipiti, chochea moto, kisha choma tena. Fanya hivyo mpaka kipite."

"Hapo sasa!" alisema Parsimei. "Mpishi ameambiwa aangalie nini, na afanye nini akikuta hivi au vile. Ameambiwa arudie, na lini aache. Saa haiivishi ndizi. Siku mbili nazo hazimalizi ute wa kahawa. Kwenye joto hutosha, kwenye baridi hazitoshi."

Akapuliza moto, kisha akasema, "Chuoni tulisikia kuna mashine mpya Ulaya zinazopiga hesabu kwa kufuata maagizo ya namna hii. Ukisahau neno, mashine inakosea vilevile ulivyokosea. Haikuulizi kitu." Akachochea kuni. "Mama yako alikuuliza."

Sumari aliinamisha kichwa. Ndizi zilipoiva, hakuweza kula.

Alasiri ile alimfuata mama kumwomba radhi. Mama alimsikiliza, akasema, "Uliponifokea palikuwa na watu."

Mwezi wa saba ulirudi, na baridi yake. Nguzoni palikuwa na karatasi mpya: "Kila asubuhi sugua kahawa kwa mkono. Kama inateleza, funika, ngoja kesho. Rudia mpaka ikwaruze. Ndipo uoshe." Majirani walewale walikuja kusaidia kuchota maji. Sumari alisimama mbele yao.

"Mama, mwaka jana nilikufokea mbele ya watu hawa. Kosa lilikuwa langu. Uliniuliza, nami sikukujibu. Nisamehe."

Mama akakunja mkono wa gauni, akatia kiganja sandukuni, akaisugua kahawa.

"Bado," alisema.

Wakafunika. Kesho yake alisema tena, "Bado." Siku iliyofuata kahawa ilikwaruza mkononi mwake kama changarawe. "Sasa osheni."

Magunia yote yalipokelewa. Kabla ya mvua za vuli, Sumari alipanda juu ya nyumba ya mama na bati mpya. Kila alipopumzisha nyundo alimsikia akikohoa chini. Kikohozi cha masika kilikuwa hakijamtoka. Bati hizi zilistahili kuwa juu yake tangu mwaka jana, na Sumari alilijua hilo kila alipopiga msumari.

"Sumari!" mama aliita kutoka ndani. "Na upepo wa mlimani ukizidi?"

Sumari aliweka nyundo, akashuka ngazi, akaingia ndani kumjibu.